Oili ya boti ya jeti imechanganyika na maji: nitajuaje yanakoingilia?

Nahodha wa Mtwapa

Salamu kwenu mafundi na manahodha wenzangu. Nina boti ya jeti yenye injini moja ya petroli, V8 ya lita 7.4 ya kabureta, ambayo ilinunuliwa Dubai ikiwa imeshatumika. Haina rejeta. Maji ya kupoza injini yanasukumwa na pampu ya jeti yenyewe, yanapita kwenye kipoza oili, kwenye manifoldi za ekzosi (vyuma vinavyokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na ndani ya bloku, kisha yanatoka nje pamoja na moshi. Kila tukirudi kutoka baharini ninaisuuza kwa maji ya kisima: ninawasha injini kwanza ndipo ninafungua bomba, na mwishoni ninafunga bomba kwanza ndipo ninazima injini, kama nilivyofundishwa na aliyeniuzia.

Safari ya mwisho nilipima oili asubuhi kabla ya kutoka, nayo ilikuwa safi. Nilipopiga stata, injini ilisita kidogo kana kwamba imezuiwa, kisha ikawaka na ikakimbia vizuri siku nzima, bila joto kupanda wala nguvu kupungua. Niliporudi na kuchomoa stiki, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na kiwango chake kilikuwa kimepanda juu ya alama ya mwisho. Fundi mmoja wa hapa ameshauri nibadilishe oili na filta kisha niendelee na kazi. Mwingine anasema gasketi ya hedi imeungua na anataka kuifungua injini yote. Sitaki kufanya lolote kati ya hayo kabla sijajua maji yanapita wapi. Naomba mnielekeze utaratibu wa kuchunguza, hatua kwa hatua, kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuvipata hapa Pwani.

Fundi wa Tanga

Ndugu nahodha, kabla ya yote usiiwashe tena injini hiyo, wala usipige stata ikiwa plagi zimo. Kule kusita ulikokueleza ndiko kunakonitia hofu kuliko rangi ya oili. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda kwenye silinda iliyojaa maji, stata au injini yenyewe inaweza kupinda mkono wa pistoni, na hapo tatizo la gasketi au manifoldi linageuka kuwa la kununua injini nyingine. Toa plagi zote nane leo, uzipange kwa namba za silinda zake juu ya kitambaa, kisha uzungushe injini taratibu ukiangalia tundu lipi linatema maji. Plagi yenye kutu, au yenye unyevu, au iliyooshwa ikang'aa wakati wenzake ni wa kahawia, imeshakuonyesha upande wa kuanzia. Ukimaliza, mimina oili kidogo kwenye kila silinda na uzungushe tena, kwa maana maji yenye chumvi hayangoji mtu amalize uchunguzi. Huanza kula kuta za silinda na beringi mara moja.

Halafu fikiria saa ambayo maji yaliingia. Unasema asubuhi oili ilikuwa safi, lakini usafi huo haukuthibitishii kwamba maji hayakuwemo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hulala chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, huku stiki ikionyesha oili safi iliyo juu yake, mpaka injini izunguke na kuyavuruga. Ukiunganisha jambo hilo na kusita kwa stata, inaelekea maji yaliingia boti ikiwa imeegeshwa, wala si wakati unakimbia.

Hilo unaweza kulipima kwa gharama ndogo sana. Acha injini itulie usiku kucha, kisha ingiza mrija mwembamba kupitia bomba la stiki hadi chini kabisa ya sampu, na uvute kwa pampu ya mkono. Kinachotoka kwanza ndicho chenye maji mengi. Kiweke kwenye chupa inayoonyesha, uianike juani mpaka maji yajitenge, kisha uchukue maji hayo peke yake, kiasi cha mililita 100. Mimina kwenye sahani bapa. Kwenye sahani ya pili weka kiasi hicho hicho cha maji ya bahari, na kwenye ya tatu maji ya kisima chako, kwa sababu visima vingi vya mwambao navyo vina chumvi na huwezi kulinganisha bila kukijua chako. Ziache zote juani zikauke. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo sahani yake itabaki na gramu tatu na nusu hivi, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Usizikaushe motoni, maana ikiwa kuna petroli ndani ya oili utajiletea moto.

Sahani ya sampu ikifanana na ya bahari, maji yaliingia ukiwa kazini, na tutatafuta gasketi, ufa, au wimbi lililorudi kupitia ekzosi uliposimama ghafla. Ikikaribia ile ya kisima, basi ni maji yaliyobaki ndani baada ya kusuuza. Kwa mpangilio wako wa kusuuza, ambao ni sahihi, nitaanza kushuku manifoldi za ekzosi kabla ya hedi.

Mhandisi wa Mwanza

Nakubaliana na fundi wa Tanga, ila ningependa kuongeza uchafuzi mwingine ambao watu huusahau, nao ni petroli. Injini zinazopozwa na maji ya nje moja kwa moja mara nyingi hukimbia zikiwa baridi, hasa termostati (valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto) ikiwa imetolewa, na kabureta inayofurika au kiwambo kilichotoboka cha pampu ya mafuta ya injini huteremsha petroli hadi kwenye sampu. Hapo pia kiwango cha oili hupanda, lakini oili huwa nyepesi na yenye harufu ya petroli, bila weupe. Inusa stiki yako. Weupe ukiwa chini ya mfuniko wa kujazia oili tu, huku oili ya stiki ni safi, huo mara nyingi ni mvuke wa injini isiyopata moto wa kutosha. Hali yako si hiyo.

Kuhusu kipoza oili, usiharakishe kukilaumu. Injini ikikimbia, presha ya oili kwa kawaida huwa juu ya presha ya maji, kwa hiyo kipoza kilichotoboka hupeleka oili kwenye maji, na ungeuona utando wa rangirangi nyuma ya boti. Maji yatarudi upande wa oili pale tu injini ikiwa imezimwa na mpira wa maji ungali umefunguliwa.

Jambo la mwisho ni presha ya maji. Pampu ya jeti huongeza presha kadiri injini inavyozunguka, nayo haijali kwamba bloku yako ilitengenezwa kwa ajili ya gari, ambalo mfuniko wa rejeta yake hufunguka karibu na psi 15 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba). Ikiwa valvu ya kupunguza maji yanayotoka kwenye pampu imefunguliwa yote, unaweza kubadilisha gasketi mwaka huu na kuzibadilisha tena mwakani. Funga geji ya presha kwenye njia ya maji ya injini ili uione hali hiyo ukiwa kwenye mwendo.

Nahodha wa Mtwapa

Ahsanteni sana, wazee wangu. Nimefuata maelekezo. Plagi ya silinda ya 5 ilikuwa na kutu kwenye ncha na ya silinda ya 3 ilikuwa na unyevu, zote mbili za upande wa kushoto. Nilipozungusha injini, tundu la 5 lilitema maji machache yenye rangi ya kutu. Oili hainuki petroli, na sijawahi kuona utando nyuma ya boti.

Sahani zimekauka. Ya bahari imeacha tabaka jeupe unaloweza kulikwangua kwa kisu. Ya kisima imeacha ukungu mwembamba tu pembezoni. Ya sampu imeacha chumvi zaidi ya ya kisima, lakini ni ndogo mno ukiilinganisha na ya bahari. Nadhani maana yake ni maji ya kusuuzia yaliyochanganyika na masalia ya bahari. Je, bado nipime kompresheni (presha ambayo pistoni inabana ndani ya silinda), au niende moja kwa moja kwenye manifoldi ya kushoto?

Fundi wa Tanga

Pima kompresheni kwanza, kwa kuwa plagi tayari ziko nje na kazi yenyewe ni fupi. Fungua kabureta yote, betri iwe imejaa, uzungushe kila silinda mpaka mshale wa geji usipande tena. Silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, yaani ya 3 na ya 5 kwa hali yako, hapo yule anayeshuku gasketi ya hedi atakuwa na hoja.

Zikiwa sawa, tenganisha njia za maji uzipime kila moja peke yake. Ziba mipira inayokwenda kwenye manifoldi, ujaze hewa kwenye bloku kwa pampu ya baiskeli yenye geji mpaka psi 15, usizidishe, na uache kwa nusu saa. Geji ikikaa palepale, bloku, hedi na gasketi ya manifoldi ya juu, ile ya kabureta, ziko salama kwa kiwango hicho. Kisha fungua manifoldi ya kushoto, uzibe njia zake za maji, uijaze hewa kwa presha hiyo hiyo na uitumbukize kwenye pipa la maji. Usiangalie nje tu. Angalia ndani ya matundu ya moshi, kwa maana tundu linalotuhusu ni lile linalopitisha maji kwenda kwenye valvu.

Nahodha wa Mtwapa

Kompresheni ya silinda zote nane imekaribiana, na ya 5 iko chini kidogo tu ya wenzake. Bloku imeshika presha bila geji kusogea. Manifoldi ya kushoto haikuhitaji hata kufika psi 15: mapovu yalianza kutoka ndani ya tundu la moshi la silinda ya 5, kwenye kona ambako chuma kimeliwa na kutu mpaka kikawa chembamba, na povu jingine dogo likatoka karibu na la 3. Kwa nje chuma hicho kimepakwa rangi na kinaonekana kizima kabisa.

Nahodha mstaafu, Maskati

Nimekuwa nikisoma bila kuchangia, lakini sasa naona niseme neno, kwa sababu hapa Ghuba tunaziona manifoldi kama hizo kila msimu. Hiyo ya kulia ina umri uleule na imepitisha maji yaleyale. Ipime, na hata ikishika presha leo, ningekushauri uzibadilishe zote mbili pamoja na gasketi zake na viungo vya bomba la moshi vilivyo juu yake. Manifoldi ya chuma cha kusubu katika maji ya chumvi ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, hata kama haijaonyesha dalili.

Wakati unangojea vipuri vifike, usiiache injini na oili ile nyeupe. Ivute yote, tia oili mpya ya bei nafuu ya daraja lilelile pamoja na filta mpya, na uizungushe kwa stata plagi zikiwa nje mpaka geji ya oili ipande, ili beringi zipate utando safi. Manifoldi mpya zikishafungwa, washa injini kwa muda mfupi ipate joto, uivute oili ikiwa moto, ubadilishe na filta, na urudie hivyo mpaka oili itoke bila weupe. Kila filta unayoitoa ikate kwa msumeno uikunjue karatasi yake. Ukikuta chembe zinazong'aa za rangi ya fedha au ya shaba, beringi zimeshaguswa na utalazimika kufungua sampu uzitazame. Ikiwa karatasi ni safi, linganisha presha ya oili injini ikiwa moto na ile uliyoizoea. Mafundi wengi wa V8 hutaka isipungue psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, na ikishika hapo unaweza kuirudisha boti majini, ukianza na mwendo mfupi ndani ya mkondo kabla ya kutoka nje ya miamba.