Nyumba ya baba mchoraji, Tanga: nipake rangi gani bila kufuta alama zake?

Binti wa Ngamiani

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri, na mnivumilie kwa urefu.

Mwezi wa tatu tumerudi Tanga, mimi, mume wangu na watoto watatu, tukae na baba. Nyumba iko Ngamiani, ni ile ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha uwani. Kuta ni za mawe na chokaa, ila chini zilikuja kupigwa lipu ya saruji.

Baba ni mchoraji. Alijifunzia Dar, pale kwa wachoraji wa Morogoro Stores, Oysterbay, miaka ya 1980. Anachora picha za mtindo wa tingatinga kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama alivyoanza Edward Saidi Tingatinga mwenyewe mwaka 1968. (Tingatinga alipita kwetu Tanga kwanza, kwenye mashamba ya mkonge, ndipo akahamia Dar. Baba hamwachi mgeni aondoke bila kumwambia hilo.) Siku hizi macho hayamruhusu tena kuweka yale madoa madogo ya chui, lakini kila asubuhi anaingia chumba chake cha kazi na kukaa.

Chumba hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Kando ya dirisha, kuanzia kiunoni hadi begani, baba alikuwa akifutia brashi ukutani. Amefutia hapo zaidi ya miaka 25. Rangi zimepandana mpaka zimekuwa nene kama gome la mwembe: nyekundu, buluu, kijani cha kasuku, manjano. Mume wangu ni mtu mwema, anataka watoto wakae pasafi. Ameshaleta ndoo mbili za lita 20 za rangi ya krimu, nyumba nzima iwe rangi moja, na ukumbini anataka vigae. Sakafu ya sasa ni ile saruji nyekundu ya zamani. Marehemu mama aliisugua kwa nta kila Alhamisi hadi unaona mwanga wa mlango umelala chini.

Vitu tulivyonavyo: kabati la vyombo la mvule lenye vioo, makochi mawili ya mbao yenye mikono mipana, redio kubwa ya mbao isiyolia tena, kasha la mama lenye kanga karibu 60, vitambaa alivyofuma, na picha 14 ambazo baba hakukubali kuziuza.

Nataka nyumba yenye rangi, inayokumbuka, lakini watoto wacheze humo. Nianzie wapi? Ule ukuta wa brashi niuache? Na mbona kuta kwa chini rangi inavimba kila mwaka, ukiigusa unatoka unga mweupe?

Fundi wa Mawe, Unguja

Dada, anza na huo unga mweupe. Rangi baadaye. Unga huo ni chumvi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole hewani. Ukishaufunika kwa saruji na rangi ya plastiki, maji yanakosa njia, yanasukuma rangi mpaka inavimba. Nimelikuta hili Mji Mkongwe nyumba baada ya nyumba. Hiyo krimu ya shemeji itabanduka vilevile.

Bandua lipu ya saruji ya chini, upige ya chokaa na mchanga, uinyunyizie maji ikauke taratibu. Rangi ya plastiki kwangua yote, chokaa haishiki juu yake. Chokaa ya kupaka iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, ikae wiki mbili au zaidi. Ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta kwanza. Mkono wa kwanza utadhani hujapaka kitu. Ngoja ikauke, weupe utajitokeza wenyewe. Mikono minne au mitano myembamba ni bora kuliko miwili mizito.

Ukitaka rangi, tia ile ya unga inayotiwa kwenye saruji: nyekundu, manjano, kahawia. Bibi zetu walitia buluu ya kufulia nguo kidogo tu, ikatoka ubuluu wa alfajiri. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ukuta, maana ikikauka hufifia sana. Vaa glovu, na watoto wakae mbali: chokaa inaunguza macho.

Mwana wa Kibokoni, Mombasa

Dadangu, ukuta wa brashi usiguswe. Rangi zote unazozitafuta zimo humo.

Chukua karatasi nyeupe, itoboe tundu la ukubwa wa shilingi, uitembeze juu ya ukuta. Kila ukisimama utaona rangi mbili tatu ambazo mkono wa babako uliziweka pamoja. Chagua tatu tu. Moja ya ukumbi, iliyofifia. Moja ya milango na fremu za madirisha. Ya tatu, iliyo kali kuliko zote, ipake ndani ya kabati, nyuma ya vyombo. Nje ya kabati usipake rangi, mvule ni mali: piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha vanishi. La mamangu nilifanya hivyo, ndani kijani, na zile sahani zake nyeupe zilizokaa miaka bila kutazamwa sasa ndizo kila mgeni anaziuliza.

Kanga alizovaa mamako usizikate kufanya mito. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (yale maneno yake). Ukiikata umelikata neno. Itundike nzima kwenye ufito, mbali na jua, uibadilishe kila mwezi. Kwa kanga 60 mtakaa miaka mitano bila kurudia. Za mito nunua mpya.

Kijana wa Fremu, Dar

Mimi kidogo naungana na shemeji. Picha za tingatinga zenyewe zinapiga kelele ya rangi, zikiwekwa juu ya ukuta mkali zinagombana. Upande mmoja wa ukumbi acheni chokaa tupu, picha zote 14 zikae hapo. Zitundikeni chini kidogo ya mlivyozoea, kwa sababu ukumbini watu huangalia wakiwa wamekaa.

Hadibodi msiifute kwa kitambaa kibichi, kingo zinavimba. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Na nyuma ya kila picha bandikeni vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite, hasa kwa ukuta unaonywa unyevu kama wenu.

Binti wa Ngamiani

Nimerudi. Asanteni kwa moyo wote.

Jana nilitoboa karatasi, nikamwita baba achague. Hakuitazama. Alianza kugusa ukuta kwa kidole, akisoma. "Hii buluu ni ya ile picha ya kanga na vifaranga. Hii nyekundu ilibaki nilipopaka baiskeli yako." Nilikuwa darasa la tatu, baiskeli ile nilikuwa nimeshaisahau kabisa. Kijani alichoniambia nikichukue kwa milango ni cha madirisha ya nyumba aliyozaliwa, Pangani.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaondoka bila neno, akarudi na tepu, akaupima ule ukuta. Anataka fremu ya mbao kuuzunguka wote. Rangi ya krimu itakwenda stoo na choo cha uani, ambako ni tofali za saruji.

Kanga ya kwanza nimeshaitundika: "Nani kama mama". Picha naziweka upande mmoja kama alivyosema Kijana wa Fremu.

Vigae bado tunabishana. Hoja yake ni ufa unaotoka mlango wa chumba cha mama hadi katikati ya ukumbi, mtoto mdogo anajikwaa hapo. Fundi, saruji nyekundu ya zamani inazibika?

Fundi wa Mawe, Unguja

Inazibika. Kwanza gonga sakafu pande zote za ufa kwa mpini wa nyundo. Pakilia utupu, saruji imeachana na chini: hapo unakata kipande na kumwaga upya. Pakilia zito, panua ufa kidogo kwa patasi, fagia vumbi, lowesha, jaza saruji iliyochanganywa na rangi nyekundu ya unga, ulainishe kwa mwiko wa chuma. Funika kwa gunia bichi siku saba.

Mwaka wa kwanza kiraka kitaonekana. Endeleeni na nta kila Alhamisi kama alivyofanya mama, kitakaribiana. Piga picha ya ufa uniwekee hapa kabla hujanunua chochote.