Bujora na watoto: nianzie wapi?

Mkazi wa Buswelu
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wanangu wamezaliwa na kukulia Dar, na likizo hii ya Desemba wako kwa babu yao hapa Mwanza. Kisukuma hawajui zaidi ya salamu ya "mwangaluka". Nataka niwapeleke Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Najua watoto huchoka haraka, sasa nianze na kipi? Au niwarudishe Juni waone Bulabo, ile sikukuu ya ngoma?

Igoma Mwisho
Karibu mkuu. Panda daladala za Kisesa, ukishuka chukua bodaboda upande kilimani. Mkipita Igoma waonyeshe makaburi ya waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Nayo ni historia yetu, haiko ndani ya kuta tu. Bujora anza na kanisa: ni la duara kama nyumba ya Msukuma, na altare imechongwa kwa mfano wa kiti cha mtemi, yaani chifu. Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha haya mambo miaka ya 1950, alitaka watu wasali wakijiona nyumbani.

Mama wa Kisesa
Ndugu yangu, kabla ya kuuliza uanzie wapi, uliza uende na nani. Nenda na babu yao! Nakusihi kabisa.

Tawala za watemi zilifutwa mwaka 1963. Mzee wa miaka sabini leo alizaliwa chini ya mtemi, na wazee hao wanapungua kila msimu. Mimi nilimpeleka baba mkwe, mtu asiyependa maneno mengi. Tulipoingia kwenye jengo la watemi, lile lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, akasimama mbele ya zile ngoma, akaanza kueleza ipi ilipigwa mtemi akifa, ipi ya kuita watu, na nani hakuruhusiwa kuigusa. Kijana anayetembeza wageni akaacha maelezo yake, naye akawa msikilizaji. Wanangu walimuuliza babu yao maswali ambayo mimi kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Kwa hiyo usiwakimbize. Nyumba ya mganga na ya mhunzi mnaweza kupita haraka, lakini pale kwenye kifaa cha kuhesabia kaeni. Kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabu moja hadi kumi. Mwache babu ajaribu ya rika lake, watoto wafuatishe.

Mgalu wa Magu
Mama kasema kweli, ila mimi watoto ningewaanzishia kwenye jengo la wacheza ngoma. Waelezwe Bagika na Bagalu: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watazamaji wengi. Ndiyo maana kuna majembe yanayorushwa juu kwenye ngoma ya bugobogobo, na Bayeye, wale wanaocheza na nyoka, na chatu wao. Kila upande una dawa zake pia. Mtoto akishaelewa ushindani huo, kila kitu mle ndani kinakuwa na maana.

Bulabo huja na sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi Juni, watu wameshavuna. Hapo utaona ngoma zenyewe zikichezwa, ila umati ni mkubwa mno kwa mzee na watoto kukagua vitu kwa utulivu. Sasa hivi nendeni kwa ajili ya vitu, Juni kwa ajili ya ngoma.

Mkazi wa Buswelu
Asanteni sana. Mzee nimemuuliza sasa hivi, kasema atakwenda, ila magoti yanamsumbua. Kilima hicho atakiweza?

Mama wa Kisesa
Asipande kwa miguu. Kodi bajaji kuanzia Kisesa iwafikishe juu, nendeni asubuhi jua halijawa kali, na mbebee kigoda chake. Mle ndani atataka kukaa mbele ya kitu kimoja kwa muda mrefu, na watoto watakaa naye.