Dawa ya magoti elfu sita kwa chupa, nimnunulie mathe ama nikaze?

Kijana_wa_Umoja: Wadau nisaidieni mawazo kabla sijatuma pesa. Mathe magoti yanamsumbua, kushuka ngazi lazima ashike ukuta, na asubuhi mguu hukataa kukunjika. Sasa kuna mama wa chama chao amemletea vidonge vya kurudisha gegedu, ule mfupa laini wa kwa kiungo, eti chupa moja ni elfu sita na asikatishe mpaka amalize tatu. Kwa chupa wameandika glukosamini na kondroitini, halafu picha ya goti linawaka kama balbu. Nikiuliza hii kitu ilipimwa wapi natumiwa voisi za watu wamepona. Mimi siamini, lakini mathe ashaamini, na nikikataa nitaitwa mkono birika. Kuna mtu ametumia?

ShoshWaKariobangi: Mimi nilitumia kijana wangu na nikapata nafuu, mpaka kanisani nilikuwa napiga magoti. Mnunulie mama yako, usihesabu pesa kwa mzazi.

Nesi_wa_Zamu: Shosh sisemi unadanganya, nafuu uliisikia. Lakini maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na watu hununua dawa yakiwa yamepanda kabisa, kwa hivyo yakishuka sifa inaenda kwa chupa. Marekani kuna utafiti ulitoka 2006, wagonjwa 1,583, wengine wakapewa hizo hizo glukosamini na kondroitini, wengine vidonge bandia visivyo na kitu. Hao wa bandia, karibu 60 kwa kila 100 walisema wamepata nafuu! Na dawa zenyewe kwa jumla hazikuwashinda. Kulikuwa na kikundi kidogo cha wenye maumivu ya kati hadi makali kilichoonekana kufaidika kwa mchanganyiko wa hizo mbili, ndio hicho wauzaji wanakishikilia. 2019 madaktari wa viungo huko huko wakasema glukosamini isipewe watu kwa ugonjwa wa magoti. Kijana, mathe anatumia warfarini ama dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda? Na kamba na kaa wa baharini hawamdhuru akila? Maana glukosamini nyingi hutoka kwa maganda yao.

Kijana_wa_Umoja: Ni presha tu. Kaa ataonea wapi huku Umoja 😂

Mtu_wa_Gikomba: Mimi hiyo ya kutofanya kazi hainiogopeshi, afadhali upoteze pesa. Ogopa ile inafanya kazi usiku mmoja. 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu kuhusu Artri King, kwa lebo ni kirutubisho cha viungo tu, kupimwa wakapata ndani diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa kali ya steroidi. Mtu wa presha akimeza diklofenaki kila siku bila kujua si ni kujitafutia balaa, na hiyo nyingine ukikunywa muda mrefu halafu uache ghafla mwili unaweza kuzima. Kama kuna mtu hapa anakunywa kitu kama hiyo asiache tu, aende hospitali kwanza.

Nesi_wa_Zamu: Ukweli kabisa. Hizo elfu kumi na nane mpeleke fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aanze na kukaa na kusimama kwa kiti bila kushika mikono, pole pole, na kama uzito uko juu apunguze, kila kilo moja ikitoka goti linaepuka karibu kilo nne kwa kila hatua. Halafu mwambie daktari wake wa presha kabla ya kununua dawa yoyote ya maumivu.

Kijana_wa_Umoja: Nimeongea naye. Fizio amekubali ila kwa masharti, mimi ndio nimwambie mama wa chama hatununui.

ShoshWaKariobangi: Hapo pole. Huyo mama pengine ndiye mweka hazina.