Sina kadi ya chama chochote: je, nafaa kuongoza kamati ya maji?

Mwalimu wa Wete:
Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 sijachukua kadi ya chama chochote, ingawa kura napiga. Barazani nikisema kwamba barabara mpya ina manufaa, naambiwa nimeshahamia CCM. Nikihoji kufutwa kwa uchaguzi wa Zanzibar wa 2015, naambiwa mimi ni mpinzani wa siku zote. Sasa majirani wananitaka nishike uenyekiti wa kamati yetu ya maji, na watu wa pande zote mbili wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka nitamke kwanza mimi ni wa nani. Nifanyeje?

Mzee wa Ng'ambo:
Wa alaykum salaam, mwalimu. Suali hilo ni la zamani. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, chama cha Hizbu (ZNP) viti 9 na chama cha watu wa Unguja na Pemba (ZPPP) viti 3, na hao watatu ambao wangeweza kuwa wapatanishi wakagawanyika wenyewe, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Uchaguzi uliporudiwa mwezi wa Juni yakazuka machafuko na watu 68 wakapoteza maisha. Enzi zile watu walisusiana maduka, mabasi na hata mazishi. Anayekuuliza wewe ni wa nani huenda itikadi yako haimshughulishi kabisa. Anataka kujua kama siku ya msiba utafika kwake.

Binti Chake:
Kwa heshima yako mzee, historia hiyo isimtie hofu mwalimu wetu. Katiba ya Muungano, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Mlango uliofungwa ni wa kugombea urais na ubunge bila ya kudhaminiwa na chama, jambo ambalo Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, akashinda Juni 2013. Kamati ya maji haimo humo.

Msomaji wa Mkoani:
Mimi nina shaka kidogo. Wapo wanaojiita watu wa kati kwa kuwa tu hawataki kugombana na yeyote, nao ni kama popo, kwa ndege huonesha mbawa na kwa wanyama huonesha meno. Ukati ninaouelewa mimi ni kupima jambo moja moja na kutaja sababu zako, kama ilivyokuwa katika kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa bila ya kuulizwa chama, na waliokataa nao walikuwa na hoja zao. Kwa hiyo, mwalimu, sema hadharani kwamba maji yatafunguliwa kwa zamu, kwamba nyumba ya sheha, yaani mkuu wa serikali wa mtaa, nayo itangoja zamu yake, na kwamba hesabu ya michango itabandikwa kila mwezi mahali ambapo kila mtu ataiona.

Mwalimu wa Wete:
Ahsanteni nyote. La hesabu nimelikubali leo hii. La sheha kungoja zamu ndilo zito, kwani tangi lenyewe limejengwa uani kwake.