Mrejesho: "have" na "yesterday"

Niliuliza hapa kwa nini insha zangu za Kiingereza za chuo zinarudi na wino mwekundu kila penye "have". Ahsanteni sana ndugu zangu. Aliyenikataza kutafsiri "-me-" moja kwa moja kuwa "have" alilenga penyewe: huku Mombasa "nimemwona jana" hupita, lakini Kiingereza kikitaja wakati uliokwisha hakitaki "have", ni "I saw him yesterday". Sasa kabla ya kukabidhi nazungushia duara "yesterday", "last week", "in 2019", kisha nakagua kitenzi cha sentensi ile. Insha mbili zimerudi safi.

Matamshi bado. "Ship" na "sheep" najirekodi kwa simu dakika 10 nikisubiri feri Likoni. Tofauti naisikia, mdomoni zinatoka sawa, kwani "i" yetu ni moja tu.