Naomba ushauri: nyumba ndogo ya kiongozi ni habari?

Wakuu, kipindi cha redio hapa Kigoma kimekwama. Kiongozi wa halmashauri ana nyumba ndogo Ujiji. Hilo ni lake, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Ila gari la namba za SM (serikali za mitaa) hulala pale, na mafuta ni ya umma. Nianze na daftari la safari za gari, nilinganishe kilomita na lita, ndipo nimtafute ajibu? Jina la mwanamke silitaji.

Ufaransa vyombo vya habari vilimnyamazia Rais Mitterrand hadi 1994, wakati binti yake wa nje ya ndoa aliishi nyumba ya serikali! Huku nako ukigusa unaambiwa "mambo ya chumbani", gari linasahaulika. Mhariri anaogopa kesi ya kashfa. Sauti ya jirani bila hati inatosha, au ndiyo itakayotuponza?