Mtoto anachekwa kwa maneno tuliyoyakuza wenyewe, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 4.

Alipoanza kusema, blanketi aliliita "blateki" na pikipiki akaiita "pitipiti". Tuliyapenda mno, yakawa maneno ya nyumba nzima. Baba yake akihisi baridi husema, "Nileteeni blateki." Hata mimi juzi nilimwambia jirani pitipiti yake imeanguka, wala sikujitambua.

Sasa ameingia chekechea. K anaitamka vizuri kwenye kaka na kikombe, lakini haya mawili hayabadiliki, na nahofia ni sisi tuliomkazia. Wiki iliyopita wenzake walimcheka. Alirudi kimya, akajifunika gubigubi, kisha akaniuliza chinichini, "Mama, hili linaitwaje kweli?" Swali hilo limenikaa moyoni.

Nimejaribu kumrudishia neno sahihi bila kumkemea. Akisema "pitipiti inapita", namjibu, "Ndiyo, pikipiki inapita." Anashika siku mbili, baba yake akiteleza tu, anarudi kulekule.

Mliopitia haya, je, mliacha kabisa kuyatumia mbele ya mtoto mpaka aliponyooka? Au mlimweleza kwamba haya ni ya nyumbani na yale ni ya nje, na kwa umri huu akaelewa? Nisingependa yapotee, maana ndiyo sauti yake ya utotoni, ila sitaki achekwe tena.

Asanteni sana.